Kifaransa kidogo cha kusafiria ndani ya Ufaransa: nijifunze nini kwanza?

Binti_Msafiri:

Habari zenu wanajukwaa. Ninatarajia kusafiri kwenda Ufaransa kwa mara ya kwanza. Nitatua katika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, nitaingia Paris kwa RER B, yaani treni ya mjini na vitongojini, kisha nitapanda TGV, treni ya mwendo kasi, kwenda Lyon, na nikifika huko nitatumia metro na basi mpaka mahali nitakapokaa.

Kifaransa changu nimejifundisha mwenyewe kwa programu ya simu. Ninajua kusalimia, kujitambulisha na kuhesabu mpaka mia kwa kusitasita, na nimekariri sentensi nyingi za kuombea msaada njiani. Kinachonitia wasiwasi ni kujibiwa. Ninaweza kusema "Où est le guichet ?" nikiulizia dirisha la tiketi, na nikaitamka vizuri, lakini mtu akianza kunieleza kwa mwendo wake wa kawaida ninapotea kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Wapo wanaoniambia nisijisumbue, kwa kuwa mashine za tiketi zina lugha kadhaa na simu inaweza kutafsiri. Sijaridhika na ushauri huo. Simu huishiwa chaji, na zaidi ya hapo ninaona ni heshima kumsemesha mtu kwa lugha yake ninapokuwa kwao. Naomba wenye uzoefu wanisaidie: katika muda niliobakiza nijifunze nini kwanza, na nini ninaweza kukiacha kwa sasa? Natanguliza shukrani.

Mwalimu_wa_Jioni:

Dada, karibu, na hongera kwa nia hiyo. Umeliona tatizo mahali lilipo hasa. Vijitabu vya maneno ya safari hufundisha maswali na kuyaacha majibu, kana kwamba anayeulizwa hatafungua kinywa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiulize swali ambalo hawataweza kulielewa jibu lake. Kabla ya kukariri sentensi yoyote, jiulize kwanza atakayeijibu atasema nini, na ukiona jibu lake litakuwa refu, ligeuze swali mpaka jibu libaki kuwa ndiyo, hapana, namba au jina la mahali.

Chukua mfano wa hiyo RER B. Ukitoka uwanja wa ndege kuja mjini hakuna utata mkubwa, lakini siku ya kurudi utakuta kwamba njia inagawanyika Aulnay-sous-Bois: tawi moja linakwenda uwanja wa ndege na jingine linakwenda Mitry-Claye. Ukimwuliza abiria mwenzako "Quel train je dois prendre pour l'aéroport ?", yaani nipande treni ipi kwenda uwanja wa ndege, atataka kukueleza matawi yote mawili, vituo ambavyo treni fulani haisimami na pengine usumbufu wa siku hiyo. Lakini ukisubiri treni iingie, ukasimama mlangoni na kuuliza "Ce train va bien à l'aéroport ?", yaani treni hii inakwenda uwanja wa ndege, sivyo, atajibu "oui" au "non", na jibu hilo linakutosha kabisa kwa kuwa uamuzi ulio mbele yako ni kupanda au kutopanda. Muundo huo unafaa kila mahali: "C'est bien le train pour Lyon ?", "C'est bien la voie 9 ?", "C'est bien ici, l'arrêt du bus ?". Kila mara unamwambia mwenzako kile unachodhani ni kweli, na unamwomba akithibitishe tu.

Bila shaka yapo maswali yasiyoweza kugeuzwa hivyo. Ukiuliza "Le prochain train part à quelle heure ?", yaani treni ijayo inaondoka saa ngapi, utajibiwa saa, na ukiuliza "Je descends où ?", yaani nishuke wapi, utajibiwa jina la kituo. Majibu hayo ni mafupi, na sikio lako linajua kabla ya wakati ni kitu cha aina gani litakachopokea. Sikio linaloingoja namba huikamata namba hata ikizungukwa na maneno kumi usiyoyajua.

Sasa, kabla ya swali lolote, "bonjour". Silisemi hili kwa desturi tu. Nchini Ufaransa, kumwendea mfanyakazi wa stesheni, dereva wa basi au mpita njia na kuanza moja kwa moja na shida yako huhesabiwa kuwa ni kukosa adabu, na wageni wengi wanaolalamika kwamba walijibiwa kwa ukali walikuwa wameruka salamu bila kujua. Sema "Bonjour madame" au "Bonjour monsieur", nyamaza kidogo mpaka uitikiwe, kisha eleza haja yako. Jioni sema "Bonsoir". Sisi tuliokua na Kiswahili hatuhitaji kufundishwa kwamba salamu hutangulia shida, kwa hiyo tunachopaswa kufanya ni kuibeba tabia yetu hiyo kwenda nayo huko. Mtu usiyemfahamu mwite "vous", yaani wewe ya heshima, daima, na haja yako ianze na "Je voudrais" (ningependa) badala ya "Je veux" (nataka), kwa mfano "Je voudrais un aller simple pour Lyon, s'il vous plaît". Aller simple ni tiketi ya kwenda tu, na aller-retour ni ya kwenda na kurudi.

Jambo la mwisho kwa leo ni maelekezo ya njia, kwa kuwa hapo kuna mtego unaowapoteza wanafunzi kila mwaka. "Tout droit" maana yake ni moja kwa moja mbele, na "à droite" maana yake ni mkono wa kulia. Katika la kwanza herufi t ya mwisho haitamkwi, na katika la pili inasikika waziwazi. Anayeambiwa "tout droit" na kusikia "droit" peke yake hugeuka kulia na kuanza kupotea. Ukiwa na shaka, rudia ulichosikia kwa sauti ya kuuliza huku ukionyesha kwa mkono: "À droite ?" Mwenzako atakubali au atakusahihisha, na hakuna Mfaransa atakayeona ajabu kuulizwa hivyo.

Abiria_wa_Asubuhi:

Nakubaliana na Mwalimu, nami ningependa kuongeza juu ya namba na saa, kwa sababu ukitazama kwa makini utaona kwamba karibu kila jibu la stesheni ni namba. Njia ya reli ina namba, behewa lina namba, kiti kina namba, basi lina namba, nauli ni namba na muda wa kuondoka ni namba. Ukiwa na siku chache tu za kujiandaa, zitumie kusikiliza namba, tena zikitajwa haraka na bila mpangilio. Kuhesabu moja mpaka mia kwa kufuatana hakusaidii, kwa kuwa hakuna atakayekutajia namba kwa kufuatana.

Kuanzia 70 Wafaransa wanajumlisha na kuzidisha: 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, 80 ni quatre-vingts, nne mara ishirini, na 92 ni quatre-vingt-douze. Maana yake ni kwamba ukisikia "soixante" usikimbilie kuandika sita, kwa kuwa huenda kinachofuata ni "dix-sept" na namba yenyewe ni 77. Subiri mpaka msemaji amalize. Wenzetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Wabelgiji na Waswisi, husema septante kwa 70 na nonante kwa 90. Ukitumia maneno hayo Ufaransa wengi watakuelewa, lakini wao watakujibu kwa namna yao, kwa hiyo sikio lako lazima lizoee namna hiyo.

Saa zinahitaji uangalifu zaidi kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Ratiba za Ufaransa huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na 14h32 husomwa "quatorze heures trente-deux". Hatari kubwa iko upande wetu tunapozungumza: mtu anafikiria saa nane mchana, kichwa kinampa namba nane, naye anamwambia karani "huit heures", na karani anamkatia tiketi ya saa mbili asubuhi. Kanuni rahisi ni kwamba kuanzia 7h mpaka 18h unatoa sita na kupata saa ya Kiswahili, hivyo 14h ni saa nane na 18h ni saa kumi na mbili jioni. Kuanzia 19h mpaka usiku wa manane unatoa kumi na nane, hivyo 20h ni saa mbili usiku. Hata hivyo, ushauri wangu wa dhati ni kwamba ukiwa safarini usitafsiri kabisa. Iweke simu yako kwenye mfumo wa saa 24, fikiria "quatorze" tangu mwanzo, na uiache saa ya Kiswahili kwa ajili ya simu za nyumbani.

Kisha zipo saa zinazofanana masikioni. "Deux heures", "dix heures" na "douze heures" zote huanza na d na zote hulipitisha neno "heures" kwa sauti ya z, kwa hiyo kinachozitofautisha ni irabu peke yake. Katika "douze" utaisikia u yetu ya kawaida, na katika "dix" utaisikia i yetu, lakini irabu ya "deux" hatunayo: midomo huviringwa kama ya kutamka o huku ulimi ukikaa mahali pa e. "Six heures" na "seize heures" nazo hukaribiana hivyo hivyo, na tofauti yake ni saa kumi nzima. Mahali kama hapo usione haya kuomba uandikiwe: "Vous pouvez l'écrire, s'il vous plaît ?"

Kuna jozi nyingine ambayo sijaiona ikifundishwa inavyostahili. "Dans dix minutes" maana yake ni baada ya dakika kumi, na "toutes les dix minutes" maana yake ni kila baada ya dakika kumi. La kwanza linakwambia kwamba basi moja linakuja, na la pili linakwambia kwamba yapo mengi na huna haja ya kukimbia.

Binti_Msafiri:

Nashukuru sana, Mwalimu na Abiria. Hili la kugeuza swali limenifungua macho, na tayari nimeanza kuzipitia sentensi zangu moja moja, nyingi nitaziacha. Naomba niulize zaidi juu ya mambo mawili. Kwanza, matangazo ya vipaza sauti: hapo hakuna wa kumwambia arudie. Je, yapo maneno machache ambayo nikiyakamata nitaelewa jambo kubwa? Pili, ndani ya stesheni kubwa nitajuaje mahali pa kusimama? Nimeona kwenye tiketi yangu kuna maneno "voiture" na "place", na sitaki kuanza kuyafikiria siku ya safari.

Mkazi_wa_Lyon:

Dada Msafiri, nitajaribu kukujibu kwa kufuata safari yako yenyewe, kwa kuwa ninaifahamu njia hiyo.

Kwanza angalia kama unahitaji kuingia Paris. Chini ya uwanja wa ndege kuna stesheni ya TGV inayoitwa Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV, na zipo treni zinazotoka hapo moja kwa moja mpaka Lyon Part-Dieu bila kupita katikati ya mji. Kama tiketi yako tayari inaanzia Paris, basi itakuwa ya kutoka Gare de Lyon, na hapa naomba usichanganyikiwe: Gare de Lyon ni stesheni iliyoko Paris, ambako treni za kwenda Lyon na kusini-mashariki huanzia. Ukifika Lyon utashuka Part-Dieu au Perrache. Kwa sababu hiyo usimwulize mtu wa Paris "Où est la gare ?" peke yake, kwa kuwa mji huo una stesheni kubwa kadhaa na atalazimika kukuuliza ni ipi. Kutoka RER B utashuka Châtelet–Les Halles na kubadilisha kwenda RER A au RER D. Treni zote za RER A zinazoelekea mashariki hupita Gare de Lyon, ambayo ni kituo kinachofuata, kwa hiyo swali lako ni lile lile la Mwalimu: "Ce train va bien à Gare de Lyon ?"

Katika metro na RER fuata maneno mawili yaliyoandikwa ukutani. "Correspondance" hukupeleka kwenye njia nyingine ya treni, na "Sortie" hukutoa nje. Ukitoka nje bila kukusudia unaweza kulazimika kulipa tena, kwa hiyo usifuate umati kabla ya kusoma. Upande wa treni hutajwa kwa jina la kituo cha mwisho, si kwa kaskazini wala kusini. Njia ya 1, kwa mfano, ina "direction La Défense" na "direction Château de Vincennes", na ukishajua jina la mwisho wa upande wako, hutahitaji kumwuliza mtu.

Ndani ya Gare de Lyon tazama ubao wa "Départs". Safu ya "voie" ndiyo namba ya njia ya reli, nayo kwa kawaida hutokea takriban dakika 20 kabla ya treni kuondoka. Kabla ya hapo safu hiyo huwa tupu, na hilo si tatizo. "Quai" ni jukwaa wanaposimama abiria. Stesheni hiyo ina kumbi zaidi ya moja, nyingine ikiwa na njia za herufi na nyingine za namba, kwa hiyo usisimame mbali na ubao. Milango ya TGV hufungwa dakika mbili kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na wanalitekeleza. "Voiture" kwenye tiketi yako ni behewa, si gari dogo, na "place" ni kiti. TGV ni ndefu, na mbili zinaweza kuunganishwa, kwa hiyo kabla ya treni kufika tafuta herufi zilizoning'inizwa juu ya jukwaa. Hizo huitwa "repères", na ubao utakuonyesha behewa lako litasimama kwenye herufi ipi. Ukimkuta mtu kwenye kiti chako, sema kwa upole "Excusez-moi, je crois que c'est ma place" na umwonyeshe tiketi. Mara nyingi utakuta amekosea behewa, na tiketi itamaliza mazungumzo.

Kuhusu matangazo, usijaribu kuyaelewa yote. Sikiliza kwanza jina la treni yako au la mji uendako, na ukilisikia, tafuta neno moja la hali. "Retard" ni kuchelewa, na baada yake itafuata namba ya dakika. "Supprimé" ni treni iliyofutwa. "Changement de voie" ni kwamba namba ya njia ya reli imebadilika, na hapo inabidi uinuke mara moja. "Interrompu" ni kwamba treni hazipiti kabisa, na "perturbé" ni kwamba zinapita kwa taabu. "Grève" ni mgomo na "travaux" ni matengenezo. Vyote viwili hutangazwa siku kadhaa kabla, na kwa hiyo ni vyema kuvisoma jioni ya kuamkia safari. Ukisikia "bagage abandonné", kuna mzigo ulioachwa bila mwenyewe na eneo linaweza kufungwa kwa muda. Kwa sababu hiyo hiyo usiliache begi lako hata kwa kwenda kuuliza swali.

Kuna kitenzi kimoja ambacho vitabu vya mwanzo havikitaji na matangazo hayawezi kukikosa, nacho ni "desservir", yaani kusimama kwenye kituo fulani. "Ce train dessert les gares de…" hufuatwa na orodha ya vituo ambavyo treni itasimama, na "ne dessert pas" hufuatwa na vile itakavyoruka. Kwa mtu anayeshuka katikati ya njia, kulielewa tangazo hilo kunamwokoa na kupitishwa. Vilevile, treni ikisimama na ukasikia "Tous les voyageurs sont invités à descendre", chukua mizigo yako ushuke kama wengine wote, kwa kuwa treni hiyo haiendelei.

Ukifika Lyon, nunua tiketi ya mtandao wa TCL, ambayo hutumika katika metro, tramu na basi. Tiketi hiyo lazima uithibitishe kwenye kisoma tiketi kila unapopanda, pamoja na pale unapobadilisha kutoka metro kwenda basi, na uitunze mpaka utoke nje. Wakaguzi huiita "titre de transport", nao wakisema "Contrôle des titres de transport" wanakuomba uitoe. Kwenye basi bonyeza kitufe kabla ya kituo chako mpaka maandishi "Arrêt demandé" yawake. Dereva akisahau kufungua mlango wa kati, abiria huita "La porte, s'il vous plaît !", na wewe pia unaweza kuita bila kuonekana mkorofi. Ukizuiwa na msongamano sema "Pardon, je descends".

Msomaji_wa_Ramani:

Majibu yote hapo juu ni ya manufaa, lakini naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu. Swali la ndiyo au hapana ni zuri jibu likiwa ndiyo. Likiwa hapana, Mfaransa mwenye moyo mwema hatakuacha hapo: atasema "Ah non" na kuendelea kukusaidia kwa sentensi mbili tatu, na mgeni aliyejiandaa kusikia "oui" peke yake atabaki amesimama huku treni yake ikiondoka upande wa pili. Kwa hiyo, Dada, pamoja na kugeuza maswali, jifunze namna watu wanavyosahihisha.

Sahihisho nyingi huanza na "il faut", yaani inabidi, na kinachofuata ni kitenzi kimoja kati ya vichache. "Il faut changer à Châtelet" ni kwamba ubadilishe treni Châtelet. "Il faut descendre à la prochaine" ni kwamba ushuke kituo kinachofuata. "Il faut prendre la ligne B" ni kwamba upande njia ya B, na "il faut remonter" ni kwamba urudi juu kwa ngazi. Ukisikia "c'est en face" au "c'est de l'autre côté", uko upande usio wako na treni yako inapita mkabala, na ukisikia "c'est au fond", endelea mpaka mwisho wa ukumbi. "Vous l'avez raté" maana yake imekwisha kukuacha. Katika mazungumzo ya haraka neno "il" humezwa, na utakachosikia ni "faut changer", "faut descendre". Ninakuhimiza uwaombe wenzako wanaojua lugha wakusomee sentensi hizi kwa kasi ya kweli, kwa kuwa kasi ya programu za simu ni ya upole mno.

Halafu liwekee akiba swali la siku ya matatizo. Treni ya kwanza ikichelewa na ukaikosa ya pili, usijaribu kusimulia kisa kizima. Mwendee mfanyakazi wa reli na useme "Bonjour, j'ai raté ma correspondance à cause du retard. Est-ce que je peux prendre le prochain train avec ce billet ?" Sentensi ya kwanza inaeleza kilichotokea, kwamba umeikosa treni ya kuunganisha kwa sababu ya kuchelewa, na ya pili, kama unaweza kupanda treni ijayo kwa tiketi hiyo hiyo, inarudi kwenye ndiyo au hapana. Fahamu pia kwamba kwa treni za masafa marefu za TGV INOUI na Intercités kuna dhamana ya fidia iitwayo G30, inayoanza treni ikichelewa kufika kwa dakika 30 au zaidi, kwa hiyo tiketi usiitupe. Ukisahau mzigo, uliza "les objets trouvés", yaani ofisi ya vitu vilivyookotwa, na useme "J'ai oublié mon sac dans le train", kisha utaje behewa na kiti. Kwa dharura ya kiafya au ya usalama namba ni 112, nayo hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Mwalimu_wa_Jioni:

Ndugu Msomaji wa Ramani, hoja yako ni ya haki na ninaikubali. Katika mazoezi ya darasani huwa ninacheza nafasi ya mpita njia, na sasa nitahakikisha kwamba nusu ya majibu yangu yanaanza na "Ah non, il faut…". Dada, ukipata mwenza wa kufanyia mazoezi, mwombe naye afanye hivyo, na asikuambie mapema atajibu lipi.

Nyongeza yangu ni juu ya majina ya vituo, kwa sababu mtu anaweza kuwa na sentensi sahihi na bado asieleweke kwa kulitamka jina kama lilivyoandikwa. Châtelet hutamkwa karibu na "Shatle", Les Halles haina h wala s ya mwisho, na katika Part-Dieu t haisikiki. Andika majina ya njia yako yote kwenye karatasi, yasikilize yakitamkwa, na uyarudie mpaka yakae. Karatasi hiyo iwe mfukoni, kwa maana ukisema "Bonjour, c'est bien la direction de…" na kumalizia kwa kumwonyesha jina lililoandikwa, swali lako limekamilika na limeeleweka.

Binti_Msafiri:

Nimewaelewa vizuri, na sina namna ya kutosha ya kuwashukuru. Nimeangalia tiketi yangu baada ya kusoma maelezo ya Mkazi wa Lyon: inaanzia Gare de Lyon saa 15h, kwa hiyo nitabadilisha Châtelet. Kuanzia leo nitafanya mazoezi ya namba kila jioni na dada yangu, yeye akitaja na mimi nikiandika, na za "il faut" nitampa azisome kwa haraka kadiri awezavyo. Swali langu dogo lililobaki: nikifika uwanja wa ndege usiku kwa kuchelewa kwa ndege, na ikabidi nichukue teksi, niseme nini?

Mkazi_wa_Lyon:

Nenda kwenye kituo rasmi kinachoandikwa "Taxis" tu, na anayekufuata ndani ya ukumbi wa kuwasili akikutafutia teksi mjibu "Non merci" na uendelee kutembea. Kati ya uwanja huo na Paris teksi rasmi zina nauli maalumu isiyobadilika, inayotegemea kama unakwenda ukingo wa kulia wa mto Seine, "rive droite", au wa kushoto, "rive gauche". Kabla ya kupakia mizigo mwonyeshe dereva anwani iliyoandikwa na uulize "Bonsoir monsieur, c'est bien le forfait ?", yaani ni ile nauli isiyobadilika, sivyo? Akisema "oui", panda. Akianza maelezo marefu, rudi kwa msimamizi wa foleni na umwulize swali lile lile.